Kibanio cha Dokta Avelina

Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam neno Sumbawanga, ataanza kukuuliza habari za radi na wachawi, utadhani sisi wengine hatuna kazi za kufanya. Acha aulize. Sumbawanga ina mahindi, ina ulezi, ina baridi ya mwezi wa saba inayomlaza mgeni na koti lake, na ina Dokta Avelina Adolfu, mhandisi wa vifaa tiba, ambaye makala zake zinasomwa hadi nchi ambazo mama yake hawezi kuzitamka. Huyo ndiye ninayemsimulia, tena bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maana mwenyewe angekasirika.

Alizaliwa kijiji kimoja kando ya barabara ya Matai, mtoto wa Adolfu na Cornelia, wakulima na Wakatoliki wa kushika dini. Tangu mdogo alikuwa na mdomo. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni, wenzake wanainakili hivyo hivyo na makosa yake. Yeye ananyoosha mkono. Alichapwa kwa ajili hiyo, na siku iliyofuata akanyoosha tena. Baba yake alikuwa akisema huyu ama atakuwa sista ama atakuwa hakimu, akakosea yote mawili. Mtoto alipenda redio. Aliifungua ya baba yake, akaifunga tena, skrubu moja ikabaki mkononi, na redio ikaendelea kuimba kama kawaida.

Aliposoma uhandisi wa vifaa tiba chuo kikuu, ndugu walidhani ni udaktari wa kutibu, wakawa wanampelekea majipu na migongo yao akija likizo. Alichoka kuwaeleza. "Mimi situmbui jipu," alikuwa akiwaambia, "mimi natengeneza mashine ya huyo anayetumbua." Walimsikiliza kwa adabu, kisha wanamwonyesha jipu.

Makala yake ya kwanza ilihusu vumbi. Alishuka bonde la Ziwa Rukwa, Milepa na Kaoze, kwenye joto na makundi ya ng'ombe, akaonyesha kwamba vichujio vya mashine za oksijeni huziba huko mapema kuliko mtengenezaji anavyosema. Jarida la kwanza likaikataa. La pili likaikataa. La tatu likampa mhakiki, msomi wa kupima makala kabla haijachapwa, aliyeuliza vumbi la Milepa lina upekee gani. Loo! Avelina akamjibu kwa kurasa nzima za vumbi, punje kwa punje, mpaka mhakiki akasalimu amri. Makala ikatoka, ikanukuliwa na watu wachache, mmoja wao akiwa Avelina mwenyewe kwenye makala yake iliyofuata. Wasomi wote hufanya hivyo, na wote hujifanya hawafanyi.

Lakini kilichompa jina ni kibanio. Siku hizi ukienda hospitali unabanwa kidole na kidude kidogo chenye taa nyekundu, kinachosoma mapigo ya moyo na oksijeni iliyomo kwenye damu. Kidude hicho kina udhaifu mmoja. Kidole kikiwa cha baridi, damu haifiki vizuri, basi kidude kinaanza kubahatisha. Kinaweza kusema mtu mwenye afya anakata roho au, balaa zaidi, kikasema anayekosa hewa yuko sawa kabisa. Na sisi wa Ufipa, nyanda hizi za juu za Sumbawanga, ikifika Juni na Julai, hakuna mwenye kidole cha moto.

Avelina alikaa na tatizo hilo miaka. Akabadilisha taa, akabadilisha namna ya kukokotoa mapigo, akaunda kibanio chake, akakipeleka kwenye kituo kimoja cha afya njiani kwenda Matai, jirani na kwao, ili kijaribiwe kwa wagonjwa wakati wa baridi. Kikasoma vizuri. Msimu uliofuata kikasoma vizuri tena, vizuri ajabu. Akaandika makala, akaweka na michoro yote bure, anayetaka kukiunda akiunde.

Hapo dunia ikamfahamu. Kwenye usomi, mtu akiitumia kazi yako anakutaja, na kutajwa huko kunahesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo inayompandisha mtu cheo. Makala ya kibanio ilitajwa mamia ya mara. Hospitali za nchi za milima zikaunda vibanio kwa michoro yake. Alialikwa kwenye mikutano, akasimama mbele ya watu wenye tai akasema "nyumbani kwetu Ufipa" kwa sauti ambayo haikuwa inaomba radhi kwa mtu. Chuo anakofundisha, huko Dar, kikamwambia aombe uprofesa mshiriki. Akaomba. Zaidi ya nusu ya uzito wa ombi lake ulikuwa makala hiyo moja, na yeye alijua, na wala hakuona tatizo. Kazi si aliifanya?

"Shikamoo mama," alisema kwenye simu.

"Marahaba. Hiyo profesa inakuja lini? Kwaya nzima wananiuliza."

"Kikao ni mwezi wa nane, mama. Na bado hawajasema ndiyo."

"Watasemaje hapana? Kwa lipi?" akauliza Cornelia, na kweli Avelina naye hakuona ni kwa lipi.

Basi mwezi wa sita ikaingia barua pepe kutoka kwa mtafiti mwenzake, mama mmoja wa nchi ya milima kule Amerika ya Kusini. Ilikuwa ya heshima. Alisema wameunda kibanio sawasawa na michoro, wodi zao zina baridi kama za Ufipa, lakini kwao namba zinarukaruka. Akauliza wanakosea wapi. Avelina aliisoma akiwa anakunywa chai, akachukizwa kidogo, akajibu palepale kwamba wawaelekeze wauguzi wao namna ya kubana kidole. Alipotuma alijisikia vizuri kabisa. Ndivyo alivyo, akijua yuko sahihi anakuwa mkali kama pilipili kichaa.

Yule mama hakugomba. Alituma video. Muuguzi anaonekana anambana mgonjwa kidole, taratibu, kidole katikati, taa mahali pake. Namba zikaruka huku na huko. Avelina aliitazama video akitafuta kosa la muuguzi. Akairudisha nyuma akatafuta tena. Kosa hakuna. Hapo akaifunga video, maana kama muuguzi hakukosea, basi aliyekosea ni mwingine, na wa kutazamwa alikuwa amebaki mmoja.

Akaomba likizo akapanda basi la Sumbawanga. Kwa mama yake alilala tu. Asubuhi na mapema akachukua bodaboda hadi kituoni, bila glavu, upepo wa uwanda ule unamkata vidole mpaka havihisi kitu. Akaingia moja kwa moja chumba cha wauguzi. Kibanio chake kilikuwa mezani, kile kile cha majaribio, bado kinatumika. Akajibana.

Oksijeni asilimia sabini na mbili, kikasema. Halafu mia. Halafu sitini na tisa.

Alikuwa amesimama kwa miguu yake, anapumua vizuri, na kifaa alichokiunda mwenyewe kinamwambia anakufa.

"We Avelina!" Alikuwa Justina, muuguzi wa makamo, ndiye aliyekuwa akibana wagonjwa wakati wote wa utafiti. "Unaingia kwa watu, unashika vitu vya watu, hata hodi hakuna? Huko Dar ndiko mlikofundishwa hivyo?"

"Nisamehe dada. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu lete mikono hiyo."

Justina akaichukua mikono yote miwili ya Avelina, akaitia katikati ya viganja vyake, akaanza. Habari za Dar? Za safari? Mama umemkuta salama? Baba je, kile kifua? Na mahindi mwaka huu vipi kwenu? Ng'ombe? Jirani zenu wale waliofiwa? Kila swali likapata jibu lake, kila jibu likaitikiwa na "eee" ndefu, na walipofika mwisho wakarudia mwanzo, kwa sababu salamu ya mara moja kwetu ni ya wagomvi. Mikono haikuachiwa mpaka vyote viliposemwa.

"Haya," Justina akasema, "sasa endelea na hayo mambo yako."

Avelina akajibana tena. Tisini na tano, namba ya mtu mwenye afya. Akasubiri. Tisini na tano. Mapigo yanapanda na kushuka kwenye kioo, yamepangika vizuri kabisa.

Mwanzoni hakuelewa anachokiona. Akavua kibanio, akakitazama. Akatazama vidole vyake, vimekuwa vyekundu kwa joto. Akatazama viganja vya Justina. Kisha akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Dada Justina. Wale wagonjwa wa utafiti, uliwafanyaje kabla ya kuwabana?"

"Nilifuata karatasi yako. Namkalisha, nafuta kidole, nabana."

"Na kabla ya kumkalisha?"

"Namsalimu. Ulitaka nimkalishe kimya kimya kama ng'ombe mnadani?"

"Kwa mikono? Hivi ulivyonishika mimi?"

"Avelina, una homa?"

Hakuwa na homa. Alikuwa ameliona kosa lake zima, kuanzia juu mpaka chini, na lilikuwa kosa ambalo mgeni asingelifanya. Mzungu, Mchaga, mtu yeyote wa kuja, angekaa pale kituoni siku ya kwanza akashangaa: mbona hawa wanashikana mikono muda wote huu? Angeandika. Avelina alikuwepo siku nyingi za utafiti, aliziona salamu zote na hakuiona hata moja, kwa sababu amezaliwa humo. Aliandika aina ya betri. Aliandika urefu wa waya, joto la wodi, na pamba ya kufutia kidole. Salamu hakuandika, kama ambavyo hakuandika kwamba wagonjwa walikuwa wamevaa nguo. Kumbe Justina alikuwa akiwapasha vidole joto mmoja baada ya mwingine, na kifaa kikachukua sifa.

Ila mwanasayansi haamini kwa sababu ameshtuka tu. Kibali chake cha utafiti kilikuwa bado hai, akaamua kupima: watu waliokubali wabanwe kwanza bila kusalimiwa, kisha wasalimiwe, wabanwe tena. Jambo rahisi. Akamwambia Justina asimame mlangoni, akipokea mtu asimguse na asiseme neno.

Wa kwanza kuingia alikuwa Minza, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia Milepa na mifugo yao. Alikuwa amepanda kutoka bondeni kumleta mkwewe kujifungua, amejifunika shuka mpaka masikioni kwa baridi asiyoizoea. Alikuwa ameelezwa kuwa kuna kipimo, akakubali. Hakuelezwa habari ya kutosalimiwa, kwa sababu Avelina hakujua ataielezaje.

Minza akafika mlangoni, akasalimia. Justina akatazama juu ya dari.

Minza akangoja. "Kuna msiba hapa?" akauliza.

"Hapana mama," Avelina akajibu.

"Basi mimi nimewakosea nini?"

Justina akageuka, macho yamemjaa maji. "Mimi kazi hii siiwezi," akamwambia Avelina. "Nimefanya hapa miaka yote, sijawahi kumfanyia mtu hivi. Unyama huu ufanye mwenyewe."

Avelina akaufanya mwenyewe. Kwanza alimwomba Minza radhi na kumweleza kila kitu, na Minza akacheka sana, akasema wasomi mna mambo. Wengine wote akawaeleza kabla. Hata hivyo kila aliponyamaza mbele ya mtu aliyemsalimia aliona aibu mpaka shingoni. Na kila mara matokeo yakawa yale yale. Bila salamu, namba zinacheza. Baada ya salamu, zinatulia. Kibanio chake kilikuwa afadhali kidogo kuliko vibanio vya kawaida, basi, hicho ndicho kilichobaki cha makala iliyotajwa na dunia nzima.

Akampigia simu Timoth, mkuu wa idara yake na rafiki yake wa tangu chuoni. Timoth alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi tulia. Kikao zimebaki wiki mbili. Acha kipite, upewe uprofesa wako, kisha utume marekebisho. Tena yakitoka kwa profesa yatasikilizwa zaidi. Humdanganyi mtu, Avelina. Unachelewa tu kusema."

Ulikuwa ushauri mtamu, na Avelina aliutaka. Tusidanganyane hapa, aliutaka sana. Jina lile alikuwa amelihangaikia ujana wake wote, alikuwa amelistahili hata bila kibanio, vumbi lake la Milepa lilikuwa la kweli na waliolinukuu ni wachache. Wiki mbili ni nini? Makala ilikuwa imekaa miaka na kosa lake, nani angehesabu wiki mbili? Alirudi nyumbani akiwa ameshaamua nusu kwa nusu kwamba atasubiri.

Alimkuta mama yake uani anapepeta ulezi. Akakaa karibu naye, akamweleza, kwa maneno ya kawaida, kwamba kile kifaa hakifanyi alichosema kinafanya.

Cornelia hakuacha kupepeta. "Uliyekosea ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na hao wenye kifaa huko, wanajua?"

"Hawajui. Wanakitumia tu."

"Mgonjwa anabanwa, kinamwambia uongo?"

"Akiwa na kidole cha baridi, ndiyo mama."

Ungo ukasimama. "Na mimi nimeshatanguliza mdomo wangu kwa paroko," Cornelia akasema kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kweli, maana alikuwa amejisifu jimbo zima. Kisha akausukuma ungo pembeni. "Tuma hiyo barua. Paroko nitajua mimi cha kumwambia."

Akatuma siku hiyo hiyo, jua bado liko juu. Jarida akaliambia kosa lilivyo, bila kulizungusha, na matokeo mapya akayaambatanisha. Kila hospitali aliyojua imeunda kibanio akaiandikia kwamba kidole cha baridi kipashwe joto kwanza, na namba zisiaminiwe zikirukaruka. Yule mama wa Amerika ya Kusini akamwandikia barua yake peke yake, akamwomba radhi kwa majibu yale ya mwanzo, na kumweleza salamu za Ufipa zinavyokwenda. Kwenye marekebisho aliliweka jina la Justina pamoja na lake. Justina alipoambiwa akauliza jina lake linakwenda kufanya nini huko ughaibuni, kama kuna mshahara aambiwe.

Kikao kikafika. Chumba kirefu, meza ndefu, wajumbe wenye mafaili, na mwenyekiti, profesa mzee wa uhandisi asiyependa mzaha. Avelina aliingia amevaa kitenge chake kizuri, akaketi mgongo umenyooka.

"Dokta Avelina," mwenyekiti akasema, "makala iliyobeba ombi lako sasa ina marekebisho makubwa. Kanuni zetu haziruhusu kuihesabu mpaka ihakikiwe upya. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa, Profesa."

"Umeyatuma wiki mbili kabla ya kikao. Ungeyatuma wiki mbili baada yake, leo tungekuwa tunakupongeza. Hakuna aliyekuwa anakukimbiza. Sasa nataka kujua, si kwa ajili ya faili, nataka kujua tu. Kwa nini hukusubiri?"

Alikuwa ameandaa jibu zuri lenye maadili ya utafiti na maneno makubwa. Akaliacha.

"Kwa sababu kifaa changu kiko kwenye wodi za watu, Profesa. Kila siku ninayosubiri mimi, kuna mgonjwa anakosa hewa, kidole chake ni cha baridi, na kifaa changu kinamwambia nesi kwamba yuko sawa, nesi anaondoka. Mimi ningekuwa hapa napigiwa makofi."

Mwenyekiti akaandika kitu, akamshukuru. Wakajadiliana akiwa nje, wakamwita, wakamwambia. Hawakumpa. Kanuni ni kanuni, aombe tena mwakani.

Timoth alikuwa anamngoja kwenye korido, uso umemshuka kuliko wa aliyenyimwa.

"Vipi?"

"Mwakani."

"Pole, Avelina. Pole sana. Nilikwambia lakini."

"Pole ya nini? Hebu nipishe, nina darasa saa nane."

"Si uliahirishe leo? Wanafunzi wataelewa."

"Niahirishe kwa nini? Leo ndiyo siku yenyewe. Nawafundisha makala yangu."

"Ipi?"

"Ile niliyokosea," akasema Avelina, akaharakisha, maana saa nane ilikuwa imekaribia na yeye huwa hachelewi darasani.